Magurudumu Mawili au Mabawa: Uchague Mchezo Upi kwa Siku Yako ya Mapumziko?

Kuna watu ambao wakisikia mlio wa injini ndogo juu ya paa hutoka nje hata kama wana povu la sabuni mikononi, wakakodoa macho juu mpaka ndege ipotee. Watu haohao, pikipiki ikipita barabarani, watakwambia ina silinda ngapi kabla hawajaiona. Mimi ni mmoja wao, na ugonjwa huu si wa leo. Glenn Curtiss, Mmarekani aliyekuwa akiunda pikipiki na injini zake, mwaka 1907 alikimbiza pikipiki ya silinda nane ufukweni Florida kwa kasi ya karibu kilomita 219 kwa saa. Mwaka uliofuata alikuwa hewani na ndege iliyoitwa June Bug, akaruka kilomita moja na nusu, watu wakitazama. BMW nao walianza na injini za ndege, wakatoa pikipiki yao ya kwanza mwaka 1923, baada ya Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, kuibana Ujerumani kwenye mambo ya ndege. Hata ndugu wawili wa Wright, waliounda ndege ya kwanza yenye injini, walikuwa mafundi baiskeli.

Undugu wa vyombo hivi uko kwenye kona. Gari likikata kona, mwili hutupwa nje. Pikipiki na ndege hulala kuelekea ndani, nawe unabaki umekaa sawasawa kitini, ila unajiona mzito. Laza nyuzi 45, iwe ni lami au ni anga, na mwili wako utauhisi uzito wake mara 1.4. Kwa nyuzi 60 ni mara mbili. Waendeshaji wa MotoGP, mashindano makubwa ya pikipiki duniani, hufika huko. Sisi wengine tunaishia mbali sana, na ni vizuri iwe hivyo.

Shida ni kwamba siku ya mapumziko ni moja na mfuko ni mmoja. Anayependa vyote hujikuta na nusu ya leseni hii, robo ya chombo kile, na pikipiki yenye betri iliyokufa chini ya turubai. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo.

Nitapima kwa vigezo gani

Vipimo ni vitano, na kila mchezo nitaupitisha kwenye hivyohivyo. Kwanza, kujifunza: inachukua muda gani kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kwenda peke yako. Pili, pesa, na hapa sizungumzii tu pesa ya kuingilia. Nazungumzia ile inayokatika kila mwezi hata kama hukutoka nje. Tatu, kusubiri: hali ya hewa, foleni, watu wa kukusaidia. Nne, hatari: nini hasa huwaumiza watu, na kiasi gani cha hatari hiyo kiko mikononi mwako. Tano, wenzako: unakwenda peke yako, na abiria, au na kundi, na waliobaki nyumbani wanapata nini.

Juu ya hivyo vyote kuna swali moja ambalo mimi nalipatia uzito kuliko mengine: utaurudia mchezo huu mara ngapi? Mkono huota kutu. Kanuni za nchi nyingi humtaka rubani awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita kabla hajabeba abiria, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Barabarani hakuna kanuni kama hiyo, lakini aliyeacha pikipiki miezi minne kisha akairukia asubuhi ya kwanza yenye jua anajua jinsi kona ya kwanza inavyokuja haraka kuliko alivyozoea.

Pikipiki

*Kujifunza.* Mambo ya msingi, yaani klachi, gia, breki na kuanza bila kuzima, hushikwa kwa siku chache. Ufundi wenyewe huchukua miaka, na sehemu kubwa yake ni kuelewa kitu ambacho mwili unafanya bila kukuambia. Ukiwa na mwendo, ukitaka kwenda kulia, unasukuma mshikio wa kulia mbele. Gurudumu hugeuka kidogo kushoto, pikipiki inalala kulia, na kona imeanza. Wilbur Wright aliliona jambo hili kwenye baiskeli zake. Wengi huendesha miaka kumi bila kulijua, na hawapati hasara yoyote mpaka siku lori linapojitokeza mbele yao: hapo hutaka kugeuza usukani kama wa gari, na pikipiki inakwenda palepale wasipopataka. Tafuta eneo tupu, shika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, legeza vidole, kisha sukuma kwa kiganja kimoja taratibu. Utaona chombo kinalala kama mtu aliyeguswa begani. Dakika kumi za hivyo zinafundisha kuliko mwezi wa maelezo.

Jambo la pili ni breki ya mbele. Unapofunga breki uzito huhamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Anayeiogopa na kukanyaga ya nyuma peke yake anatumia sehemu ndogo tu ya breki alizolipia.

*Pesa.* Kati ya vyombo vyote hapa vinavyombeba mtu, mlango wa pikipiki ndio mpana zaidi. Ila usinunue chombo ukasahau mavazi. Helmeti, jaketi lenye kinga za viwiko na mabega, glavu, buti zinazofunika kifundo cha mguu: hivyo vinatoka kwenye bajeti ileile, na helmeti iliyogonga chini kwa nguvu hubadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. Baadaye ni tairi, mnyororo, oili.

*Kusubiri.* Karibu hakuna. Kwa hili pikipiki inazishinda nyingine zote, tena kwa mbali. Unabonyeza tairi, unaangalia oili na mnyororo, unawasha, umeondoka. Dakika arobaini baada ya kazi zinatosha kuwa safari. Mvua haikuzuii, inakupunguza mwendo tu.

*Hatari.* Ni kubwa, na haifai kupakwa rangi. Marekani, kwa kila umbali unaosafiriwa, waendesha pikipiki hufa zaidi ya mara 20 ya walio ndani ya magari. Uchunguzi maarufu wa mtafiti Harry Hurt wa mwaka 1981, uliopitia ajali 900 eneo la Los Angeles, ulikuta kwamba pikipiki ilipogongana na chombo kingine, karibu theluthi mbili ya ajali hizo zilitokana na dereva wa pili kuingilia njia ya pikipiki. Mara nyingi maelezo yake ni kwamba hakuiona. Maana yake ni kwamba sehemu ya usalama wako iko kwenye macho ya mtu usiyemjua. Iliyobaki ni yako: mwendo, nafasi unayoshika barabarani, pombe, usingizi, mavazi.

*Wenzako.* Peke yako ni raha kamili. Kwa kundi ni raha nyingine, mradi anayekwenda polepole ndiye apange mwendo. Abiria wa nyuma mwambie mambo mawili kabla ya kuondoka: ashike vizuri, na kwenye kona aangalie juu ya bega lako la upande wa ndani. Akifanya hivyo hatajiinamisha kinyume.

Inamfaa mwenye vipande vidogo vya muda, anayependa kuondoka bila kuaga sana, na ambaye barabara zenyewe zinampendeza. Haimfai anayekwenda haraka kila akiwa na hasira.

Ndege ndogo ya injini

*Kujifunza.* Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka. Ulaya ni 45. Wengi huvuka hapo, hasa wanaoruka mara moja kwa mwezi, kwa sababu nusu ya kila somo inaliwa na kukumbuka somo lililopita. Kuna pia mitihani ya hali ya hewa, sheria, ramani na mawasiliano ya redio, na daktari wa kukupima. Siku ya kuruka peke yako mara ya kwanza mkufunzi hushuka, anafunga mlango, na ndege inapaa mapema kuliko ulivyozoea kwa sababu ya uzito uliopungua. Kila rubani anaikumbuka siku hiyo.

Kitu ambacho hakielezwi vya kutosha ni kwamba mchezo huu unachezwa sana ardhini. Chukua ukaguzi wa mafuta. Unainama chini ya bawa na kikombe cheupe cha plastiki, unakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, unakiinua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege ya aina ya 100LL yana rangi ya buluu hafifu. Maji, kama yapo, hukaa chini kama kitone kinachotembea. Lakini kuna mtego: kikombe kikijaa maji matupu, hakuna mpaka wa kuonekana, na macho yanaona kioevu safi kabisa. Ndiyo maana unatazama rangi na kunusa, hutafuti mstari peke yake. Mtu anayechoshwa na mambo ya namna hii atachoshwa na urubani, na ni heri alijue mapema.

*Pesa.* Ndiyo nzito kuliko zote. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955 na ambayo zimetengenezwa zaidi ya 44,000, hunywa takriban lita 30 hadi 35 kwa saa, na mafuta ndiyo sehemu nyepesi. Injini nyingi za kampuni ya Lycoming za ukubwa huo hupangiwa matengenezo makubwa kila baada ya saa 2,000 hivi, na kila saa unayoruka ni lazima iweke akiba ya siku hiyo. Ndiyo maana wengi hukodi, au humiliki ndege moja watu sita. Kumiliki kwa pamoja ni akili, mradi kanuni ziandikwe kabla urafiki haujajaribiwa.

*Kusubiri.* Ni kwingi, na ni kwa namna ya kuumiza: umejiandaa wiki nzima, asubuhi wingu limelala chini, basi. Upepo wa kukata njia ya kurukia, joto kali linalofanya hewa iwe nyepesi na ndege ivute njia ndefu kabla ya kupaa, unyevu unaotengeneza barafu ndani ya kabureta hata siku yenye nyuzi joto 20. Haya yote ni majibu ya “hapana” ambayo rubani mzuri hujipa mwenyewe.

*Hatari.* Watu hupenda kusema ndege ni salama kuliko gari. Hiyo ni ya ndege za mashirika, zenye marubani wawili na mafundi usiku kucha. Usiihamishe kwenye ndege ya viti vinne. Marekani, ndege za binafsi na mafunzo na zinazofanana nazo hupata takriban ajali moja yenye vifo kwa kila saa 100,000 za kuruka. Tofauti na barabarani, sehemu kubwa ya hatari hii inakaa kichwani mwa rubani: kuishiwa mafuta, kuingia kwenye wingu bila ujuzi wa kuruka kwa kusoma vyombo tu bila kuona nje, kulaza kona kali karibu na ardhi. Ukilaza nyuzi 60 bila kushuka, kasi ambayo bawa linaacha kubeba hupanda kwa asilimia 41, na ardhi iko palepale. Hatari ya namna hii hupungua sana kwa mtu mwenye nidhamu. Kwa asiye nayo, huko juu hakuna pembeni pa kuegesha.

*Wenzako.* Viti vinne ni vya picha. Jaza tangi, weka watu wazima wanne na mizigo, na mara nyingi 172 imevuka uzito wake. Hesabu watu wawili na begi, au watatu na mafuta nusu. Lakini ni mchezo pekee wa angani hapa unaoweza kumpeleka mtu mahali, mkashuka, mkala, mkarudi, na aliyekaa kulia akawa na ramani mapajani na kazi ya kufanya.

Inamfaa anayependa utaratibu na kusoma, mwenye kipato kisichoyumba, na anayeweza kuruka angalau mara mbili kwa mwezi. Kama ni mara nne kwa mwaka, ningesita.

Glaida

*Kujifunza.* Glaida ni ndege isiyo na injini. Ulaya kiwango cha chini ni saa 15, na nchi nyingi huruhusu kijana wa miaka 14 kuruka peke yake. Saa hizo ni chache lakini miruko ni mingi, kwa kuwa kuruka kwa mwanzo huisha kwa dakika sita au nane. Winchi, mashine ya kukunja kamba iliyo ardhini, inakuvuta: kamba inakaza, pua inaelekea juu, na chini ya dakika moja uko mita 300 au 400, kisha kimya. Hapo ndipo mguu wa rubani unapojifunza kufanya kazi, kwa sababu mabawa marefu huburuta pua upande usiotaka na ni padali pekee zinazoirudisha. Anayetoka kwenye glaida akaingia ndege ya injini hujulikana kwa miguu yake.

Na hapa kuna uzuri ambao injini haina. Cessna iliyozimika ikiwa mita 1,000 juu, hewa tulivu, itafika kilomita tisa hivi. Glaida ya kisasa itavuka kilomita 40 kutoka kimo hichohicho. Ikipata hewa ya joto inayopanda, inapanda nayo: variometa, kifaa kinachoonyesha kupanda na kushuka, inalia *pii, pii, pii* kwa haraka, unalaza bawa na kuzunguka ndani ya kitu usichokiona, na nyumba zinakuwa ndogo bila hata tone la mafuta. Mwaka 2018 glaida ya Perlan 2 ilivuka mita 22,000 juu ya Argentina, ikipanda mawimbi ya upepo yanayotengenezwa na milima ya Andes.

*Pesa.* Nafuu kuliko ndege ya injini, mara nyingi kwa mbali, kwa sababu klabu huendeshwa na wanachama wenyewe. Unalipa kiasi, kilichobaki unalipa kwa jasho.

*Kusubiri.* Ni siku nzima. Unasukuma glaida, unashika ncha ya bawa, unavuta kamba, unaandika saa za kuruka kwenye daftari. Niliwahi kufika saa moja asubuhi na kuruka saa tisa alasiri, dakika saba. Nilirudi nyumbani nimeungua shingo na nikiwa na furaha. Mwenzangu wa pikipiki niliyemwalika siku hiyo hakuja tena, na simlaumu.

*Hatari.* Kamba kukatika chini, kona ya polepole wakati wa kurudi kutua, na kutua shambani hewa inapoisha. Hakuna injini, kwa hiyo hakuna kujaribu kutua mara ya pili. Mafunzo hulenga hayohayo tangu siku za mwanzo.

*Wenzako.* Wewe na klabu mmeshibana. Wewe na familia ni suala jingine. Watoto hufurahia saa ya kwanza.

Inamfaa mpenda kuruka hasa, asiyejali kwenda popote.

Paraglaida

*Kujifunza.* Wiki moja au mbili za kozi zinakutoa mlimani ukining'inia chini ya bawa la kitambaa, lakini ruhusa ya kuruka bila msimamizi inahitaji zaidi. Ufundi mkubwa unajifunzwa uwanjani, miguu ikiwa chini: unasimama unaangalia bawa, upepo ukikupiga mgongoni, unalivuta mpaka lisimame juu ya kichwa, unalizuia pale kwa vidole kama anayetuliza farasi. Wanaopuuza mazoezi haya hujulikana kwa jinsi wanavyokimbia ovyo siku ya kupaa.

*Pesa.* Ya wastani. Bawa, kiti, parachuti ya akiba, helmeti, vyote ndani ya begi la mgongoni. Hakuna banda la kuhifadhia, hakuna mafuta. Bawa huchakaa kwa jua, na parachuti ya akiba inatakiwa kufunguliwa na kukunjwa upya angalau mara moja kwa mwaka.

*Kusubiri.* Wenyewe huutania mchezo wao kuwa ni wa kukaa kilimani. Bawa lenyewe huenda kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Upepo wa mbele ukiwa 30, unaning'inia karibu pale pale. Kwa mwanafunzi, upepo wa 20 tayari ni sababu ya kufungua chupa ya maji na kuketi.

*Hatari.* Bawa halina mifupa. Hewa yenye vurugu, hasa adhuhuri ya jua kali, inaweza kulikunja upande mmoja. Likikunjika juu, kuna nafasi ya kulifungua; likikunjika karibu na ardhi, miguu na uti wa mgongo ndivyo vinavyolipa. Kwa hiyo uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya kupaa. Aliyeshuka mlima kwa miguu na begi lake mgongoni hajashindwa chochote, ingawa kundi litamtania njiani.

*Wenzako.* Abiria anawezekana kwa bawa la watu wawili na leseni yake. Vinginevyo ni kundi la marafiki na mtu wa kuwafuata na gari.

Inamfaa mwenye magoti mazima, anayekaa karibu na milima au vilima, na mwenye uwezo wa kusema “leo hapana” wengine wakiwa wanaruka.

Ndege za mfano na kompyuta

Nimeviweka pamoja kwa sababu vyote viwili hukuacha ardhini, na kwa sababu watu huvidharau. Ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio hukufundisha jambo moja gumu siku ya kwanza: ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Dawa yake ni fupi. Ikija usoni, sogeza kijiti upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unalitegemeza kwa mkono. Anza na ya povu gumu, inayokubali gundi.

*Kujifunza* ni wiki chache. *Pesa* ni kidogo, ingawa sanduku la betri na vipuri lina tabia ya kuongezeka kimyakimya. *Kusubiri* ni upepo tu. *Hatari* iko kwenye propela, inayokata vidole, na kwenye betri za lithiamu: zisichajiwe bila mtu karibu, na zikiwekwa kabatini kila seli iwe karibu volti 3.8, si 4.2 iliyojaa. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120 juu ya ardhi kwa droni, pamoja na masharti ya kukaa mbali na viwanja vya ndege. *Wenzako*: hapa watoto wanaingia hasa, na hata babu mwenye kiti chake.

Programu za kompyuta, ambazo Microsoft walianza kuziuza mwaka 1982, ni nzuri kwa kujifunza taratibu, redio na ramani. Hazifundishi makalio, yaani ule uzito wa kona. Wakufunzi hulalamika kwamba mwanafunzi aliyetoka kwenye skrini hukodolea mishale ya vyombo wakati dirisha zima liko wazi mbele yake.

Ukitaka viwili

Angalia kwanza vinagombania saa gani. Ndege ya injini hupenda asubuhi, hewa ikiwa tulivu. Glaida hutaka adhuhuri na mawingu meupe ya pamba. Paraglaida kwa anayeanza ni asubuhi au jioni. Pikipiki inachukua kinachobaki. Kwa hiyo pikipiki na ndege ya injini hukaa nyumba moja bila ugomvi: unaendesha hadi uwanjani, unaruka, unarudi kwa njia ndefu. Pikipiki na glaida hugombana, kwa sababu siku nzuri ya glaida ni ileile siku nzuri ya barabara, na glaida haikubali nusu siku. Ila usirukie ndege ukiwa umetoka kuendesha saa nne kwenye jua. Uchovu wa barabara huingia nawe kwenye kiti cha rubani.

Kulingana na hali yako

Una saa mbili tu kwa wiki, na hujui zitakuwa lini: pikipiki, au ndege ya mfano kama hatari ya barabara haikai vizuri na majukumu yako.

Una siku nzima kila wiki lakini pesa ni ya kupima: glaida. Uliza klabu kama wanachama wapya hupewa zamu za kazi, na uende ukashike bawa siku moja kabla ya kulipa.

Una pesa lakini huna muda: hapa watu wengi hukosea kwa kukimbilia ndege ya injini. Leseni itapatikana, kisha utakuwa rubani wa mara nne kwa mwaka. Afadhali uruke na mkufunzi pembeni kila unapopata nafasi, bila aibu, au usubiri mpaka ratiba ilegee.

Mwenzi wako anataka kuja nawe: ndege ya injini kama anapenda kufika mahali, pikipiki kama anapenda kuwa njiani. Mwulize yeye, usimkisie.

Una watoto wadogo na usingizi wa shida: ndege za povu na kompyuta kwa sasa. Glaida itakuwepo wakifika miaka 14, na huenda wao ndio wakatangulia kuruka peke yao.

Umevuka miaka 60 na daktari anasitasita: katika nchi nyingi masharti ya afya kwa glaida ni mepesi kuliko ya ndege ya injini, na yupo mkufunzi wa kukaa nyuma. Kwa pikipiki, tafuta nyepesi yenye kiti cha chini kabla ya kuiacha kabisa. Wengi wameangusha chombo wakiwa wamesimama, kwa uzito tu.

Na kama bado umekwama katikati, lipia safari moja ya majaribio kwenye glaida au ndege ya injini, ukiwa na mkufunzi, na uende huko kwa pikipiki. Fika saa moja kabla. Kaa kwenye nyasi uwatazame wanaosubiri zamu zao, uone kama ungependa kuwa mmoja wao siku ambayo upepo umekataa na hakuna aliyeruka.